Kutojali: mwongozo wa kulitumia neno hili pale linapostahili

Katika kazi yangu ya kuhariri ripoti, barua na mihtasari ya vikao, sijaona neno linalowekwa mahali pasipo pake mara nyingi kama “kutojali”. Mwanafunzi asiyefanya mazoezi ya nyumbani huandikiwa kwamba hajali. Mgonjwa asiyetaka kula hajali, mwananchi ambaye hakwenda kupiga kura hajali, dereva aliyepita kwenye taa nyekundu hajali, na jirani aliyenyamaza wakati watu wanagombana naye pia hajali. Hao ni watu watano wenye hali tano zisizofanana, na wote wamevishwa vazi moja. Kiswahili hakina uhaba wa maneno wa kutulazimisha kufanya hivyo, na anayeumia ni yule anayeandikwa, kwa sababu kusema kwamba mtu hajali ni kudai kuwa umeuona moyo wake na kuukuta mtupu. Hilo ni shtaka zito. Hatua zinazofuata ndizo ninazozipitia mwenyewe kila ninapolikuta neno hili kwenye karatasi, na nimeziandika kwa ajili ya yeyote anayeandika Kiswahili kazini, shuleni au nyumbani.

Hatua ya kwanza: jua ni “jali” ipi uliyoishika

Kujali ni kumwona mtu au kuliona jambo kuwa na uzito na kulipa nafasi yake. Ungetarajia kwamba ukikanusha kitenzi hiki utapata lawama kila mara, lakini sivyo watu wanavyokitumia. Msikilize kondakta stendi, abiria anapolalamika kwamba amekaa nusu saa garini: “Usijali mama, tunaondoka sasa hivi.” Hapo ukanushi ni faraja. Anayeambiwa “usijali” haambiwi awe na moyo mgumu, bali anaondolewa wasiwasi, na neno hilo liko karibu zaidi na “usihofu” na “ondoa shaka” kuliko lilivyo karibu na “kutojali”.

Soma kisha bango la zahanati lisemalo kwamba huduma hutolewa kwa wote bila kujali dini, kabila wala jinsia. Hapo ukanushi ni sifa. Anayehudumia bila kujali kabila ni mtu wa haki, na kinachokataliwa ni kuyapa uzito mambo yasiyostahili kupewa uzito. Ni katika umbo la tatu tu, yaani “hajali”, “kutojali” na “asiyejali”, ndipo lawama inapoingia. Kwa hiyo kabla ya kuandika, jiulize kama unafariji, unaeleza usawa au unalaumu, kwa kuwa kosa la kuchanganya hayo matatu husikika mara moja.

Faraja ina mipaka yake. “Usijali” hufaa kwa jambo dogo au linalotengenezeka, kama vile glasi iliyovunjika, deni la siku mbili au foleni ndefu. Usimwambie hivyo mtu aliyefiwa, kwa maana utakuwa unamwambia kwamba alilopoteza halina uzito. Msibani neno ni “pole”, na wakiwa wengi ni “poleni”, halafu dua ya subira, kisha mtu anakaa kimya pamoja na wafiwa.

“Bila kujali” nayo ina mpaka: inataka mtendaji mwenye uwezo wa kujali. “Mafundi waliendelea na kazi bila kujali mvua” ni sentensi nzuri, kwa kuwa mafundi waliiona mvua na hawakuipa nafasi. “Bei ya nyanya imepanda bila kujali msimu” ni sentensi mbovu, kwa kuwa bei haina moyo. Andika kwamba bei imepanda hata katika msimu wa mavuno, kama ndilo ulilokusudia. Kwenye maandishi ya kisheria kuna njia nyingine iliyo imara zaidi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inasema watu wana haki ya kulindwa na sheria “bila ya ubaguzi wowote”, na hapo lugha inakataza tendo lenyewe, haizungumzii moyo wa mtoa huduma.

Kuna umbo la nne linalozidi kuenea miongoni mwa vijana, na kwa maoni yangu ni la kuepukwa. Mgeni anaulizwa, “Utakunywa chai au kahawa?” naye anajibu, “Sijali.” Amekusudia kusema kwamba vyote viwili vinamfaa, lakini mwenyeji amesikia kwamba chai yake na kahawa yake hazina thamani. Jibu la Kiswahili ni “chochote tu”, au “yoyote itakayokuwa tayari”, au kwa adabu zaidi, “nitakunywa mtakachokunywa”. Vivyo hivyo “Nani anajali?” ni swali lililovaa nguo za lugha nyingine, watu huuliza “Yanakuhusu nini?” au “Kwani kuna neno?”

Hatua ya pili: tafuta kilichokosekana

Hii ndiyo hatua kubwa, nami nitakaa hapa kuliko kwingine. Mtu anaposhindwa kufanya lililotarajiwa, kuna kitu kimepungua. Kinaweza kuwa hamu, ari, tahadhari, heshima, matumaini, nguvu au nafasi, na kila kimoja kina neno lake.

Nilijifunza hili kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuandika muhtasari wa kikao cha wazazi katika shule ya msingi moja. Viti vingi vilikuwa vitupu, na mwenyekiti, kwa uchungu wa haki kabisa, akaniamuru niandike kwamba wazazi wa mtaa ule hawajali elimu ya watoto wao. Nikaandika. Kikao kilipokaribia kufungwa aliingia mama mmoja, kanga yake ikinuka moshi wa kuni na vidole vyake bado vina unga wa mchele, akaomba asomewe yaliyojadiliwa. Nilipofika kwenye sentensi ile alinisimamisha. “Mwanangu, futa hapo,” aliniambia. “Mimi ninajali. Kikao mmekiita saa mbili asubuhi, na saa mbili ndiyo ninauza vitumbua. Vitumbua visipouzwa, daftari linunuliwe na nini?” Mwenyekiti alinyamaza, nami nikafuta. Tuliandika kwamba wazazi wengi hawakupata nafasi ya kuhudhuria kutokana na saa ya kikao, na kwamba kikao kijacho kiitwe alasiri. Sentensi ya kwanza ilikuwa inawalaumu watu na kuishia hapo. Hii ya pili ilionyesha la kufanya, na kikao kilichofuata kiliitwa saa kumi.

Tangu siku ile ninapima kwa maswali. La kwanza: je, mtu huyu aliliona jambo na akaamua kutolipa uzito? Kama ndiyo, huenda neno si kutojali bali ni kupuuza. Kupuuza kunataka uwepo wa onyo, ushauri au amri iliyofika masikioni, kama katika “Alipuuza ushauri wa daktari na kuacha dawa katikati.” Mtu hawezi kupuuza asilolisikia. Akiliona na kuliona duni, akakunja na uso, hapo ni dharau, na dharau ni kali kuliko kupuuza kwa sababu inamgusa aliyesema, si alichokisema peke yake.

Swali la pili: je, alikuwa na wajibu, akautekeleza vibaya au akauacha? Huo ni uzembe. Dereva aliyepita taa nyekundu huku akiangalia simu ni mzembe, na ndilo neno litakalotumika polisi na mahakamani. Inawezekana sana kwamba anawajali abiria wake na angelia machozi mmoja wao angeumia, lakini uzembe haupimwi kwa machozi. Unapimwa kwa tahadhari iliyotakiwa na isiyochukuliwa. Ndugu yake uzembe ni ajizi, yaani kuahirisha na kulegea hadi jambo linaharibika, na wazee walishasema kwamba ajizi ni nyumba ya njaa. Mkulima anayesema kila siku kwamba atapalilia kesho ana ajizi. Shamba lake bado analipenda.

Swali la tatu: je, aliwahi kujitahidi zamani, kisha akaacha? Ukipata jibu la ndiyo, weka kalamu chini kwanza. Mtu aliyeandika barua tano kwenye ofisi bila kujibiwa, naye sasa haandiki tena, hajawa mtu asiyejali. Amekata tamaa, au amevunjika moyo. Na yule aliyepigwa na mambo yale yale mpaka hayamuumi tena, kama muuguzi aliyeona vifo vingi au mtoto aliyezoea kutukanwa, ana moyo uliofanya sugu. Sugu ni ile ngozi ngumu inayoota kwenye kiganja cha mtu wa jembe. Haioti kwenye mkono usiofanya kazi. Ukimwita mtu wa namna hiyo asiyejali, umemnyang’anya historia yake.

Swali la nne ni kinyume cha la tatu: je, ameacha kujitahidi kwa sababu alishafanikiwa? Huyo amebweteka. Watangazaji wa mpira hulitumia neno hili vizuri kuliko waandishi wengi wa ripoti. Timu iliyofunga mabao mawili kipindi cha kwanza, ikaanza kupasiana nyuma na kuacha kukaba, imebweteka, na hakuna anayedhani kwamba wachezaji wake hawajali ushindi.

Baada ya maswali hayo, kilichobaki ndicho kutojali kwenyewe: mtu anajua, ana uwezo, ana nafasi, hakukatishwa tamaa na yeyote, na bado jambo halimgusi. Tajiri anayemwona jirani akikosa mlo na akapita kama amepita kwenye nguzo ya umeme, huyo hajali, na methali ya mwenye shibe kutomjua mwenye njaa ilitungwa kwa ajili yake. Neno likihifadhiwa kwa watu wa aina hii, siku litakapotumika litauma inavyopaswa.

Kwenye hatua hii wanaofasiri kutoka Kiingereza huniuliza mara nyingi kuhusu neno lao “apathy”, linalotokana na Kigiriki “apatheia”. Ni vyema kujua kwamba kwa wanafalsafa wa Stoa, shule iliyoanzishwa na Zeno huko Athens yapata miaka 300 kabla ya Kristo, neno hilo lilikuwa sifa: lilimaanisha moyo usiotawaliwa na hofu, hasira wala tamaa. Karne nyingi baadaye likageuka lawama. Ukilikuta katika maandishi ya kifalsafa, “utulivu wa nafsi” hufaa zaidi, na “kutojali” litampotosha msomaji. Tahadhari hiyo hiyo inahitajika kwa kutawakali. Mtu anayefanya sehemu yake kisha akasema amemwachia Mungu hajakosa kujali. Mafundisho yanayojulikana sana pwani yanamtaka mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo atawakali.

Hatua ya tatu: chunga sarufi ya kitenzi chenyewe

Kitenzi hiki kina mitego mitatu, na wa kwanza ni hatari kwa sababu hauonekani.

Vitenzi vya asili ya Kibantu hubadilisha irabu ya mwisho katika ukanushi wa wakati uliopo: “hakupendi” ni sasa, “hakupenda” ni zamani. “Jali”, kama vitenzi vingine vya mkopo kutoka Kiarabu, haibadiliki mwisho wake. Kwa sababu hiyo “hakujali” ina maana mbili kamili: hakulipa jambo uzito siku ile, au yeye hakujali wewe hivi sasa. Vile vile “sikujali”. Chukulia kijana anayemwandikia mchumba wake ujumbe mfupi kuhusu maneno ya watu, akitaka kumhakikishia kwamba maneno hayo hayakumtikisa, akaandika neno moja tu: “Sikujali.” Mchumba akasoma kwamba hapendwi. Ana kwa ana, sauti na uso vingesaidia. Kwenye simu hakuna kilichosaidia. Dawa yake ni kuweka shamirisho wazi. Andika “Sikuyajali maneno yao”, na hakuna tena nafasi ya kukosea. Ukimaanisha mtu unayesema naye, wakati uliopita ni “hakukujali”, wenye “ku” mbili, na wakati uliopo ongeza kiwakilishi: “Huyo hakujali wewe.”

Mtego wa pili ni jamaa ya huo. Watu wengi husema “kutokujali” mahali pa “kutojali”, na kwa masikio ya wengi yote mawili yanapita. Kwa kawaida “ku” hubakishwa katika vitenzi vya silabi moja, kama “kutokula” na “kutokunywa”, ambavyo haviwezi kusimama bila hiyo. “Jali” inasimama yenyewe. Tena “kutokujali” inaweza kusomeka kama kutokujali wewe. Mimi huandika “kutojali” ninapozungumzia hali, na “kutokujali” huiachia kazi ya kumtaja mtu: “Kosa lake kubwa ni kutokujali ulipokuwa mgonjwa.”

Wa tatu unahitaji sikio la adabu. “Jaliwa” katika Kiswahili cha kila siku ni kupewa na Mungu. Tunasema “tukijaliwa tutaonana kesho”, na tunasema “mzee yule hakujaliwa watoto” tukimaanisha kwamba hakubarikiwa uzazi. Sasa mwandishi wa ripoti ya ustawi wa jamii anataka kueleza wazee walioachwa peke yao, anaandika “wazee wasiojaliwa”, na msomaji anasubiri aambiwe wasiojaliwa nini: mali, watoto, au afya? Ukisema “mzee huyu hajaliwi na watoto wake” sentensi inaeleweka, kwa kuwa mtendaji ametajwa. Lakini ni bora zaidi kutumia kitenzi kinachoonyesha tendo lenyewe, maana kumjali mtu mzima kwetu huonekana kwa mikono: kumtunza, kumhudumia, kumwangalia, kumtazama. “Watoto wake hawamtazami” ni sentensi ambayo bibi yeyote wa pwani au bara ataielewa mpaka ndani.

Upatanisho ni jambo jepesi. Kutojali ni kitenzi-jina, kwa hiyo huchukua “ku”: kutojali kwao kumechelewesha mradi, kutojali huku kumezidi, kutojali kulikokithiri. “Kutojali yao imeleta hasara” ni kosa. Shamirisho hufuata moja kwa moja bila kiunganishi, yaani ni “kutojali afya yake”, wala si “kutojali kuhusu afya yake”. Na ukitaka kumwelezea mtu, tumia “asiyejali” au “wasiojali”; “mtu mwenye kutojali” ni mzigo usio na sababu.

Hatua ya nne: chagua msemo kwa uzito wake

Katika mazungumzo, watu wa Kiswahili hawasemi “kutojali” mara nyingi. Wana misemo, na kila mmoja una ladha yake, kwa hiyo mwandishi wa barua, hadithi au hata hotuba atafaidika akiijua tofauti zake.

“Hana habari” ndio wa kawaida kuliko yote: “Sisi tunahangaika na ada, yeye hana habari.” Haina maana kwamba hajaambiwa. Ina maana kwamba ameambiwa na bado amekaa kana kwamba hajaambiwa. Anayejitia hamnazo ni mwingine, kwa sababu anajua, na pengine jambo linamchoma, ila anajifanya hajaona. Shemeji anayechungulia dirishani harambee inapokaribia mlangoni kwake amejitia hamnazo. Anayetia pamba masikioni anakataa kusikia nasaha. Kufumbia macho ni lawama ya mwenye mamlaka: mwenyekiti wa mtaa anaweza kufumbia macho uchomaji wa taka, kwa kuwa alikuwa na wajibu wa kuukomesha, lakini mtoto wa miaka minane hawezi kufumbia macho chochote. “Bora liende” ni lawama ya kazi. Niliwahi kumwona fundi akipaka rangi mpya juu ya ukuta wenye ukungu, bila kukwangua wala kusubiri ukauke, na baada ya wiki mbili madoa meusi yakatokeza tena kama ramani. Kazi ile ilikuwa ya bora liende, ingawa fundi mwenyewe alijali sana malipo yake.

Kisha kuna “hayanihusu ndewe wala sikio”. Ndewe ni ile sehemu ya chini ya sikio inayotogwa, na msemaji anasema kwamba jambo halimgusi hata hapo. Msemo huu mara nyingi ni wa heshima. Anayekataa kuingizwa katika umbea wa ndoa ya jirani anajilinda na kumlinda mwenzake. Ukimwandika kuwa ni mtu asiyejali umemwonea. Ila msemo huo huo kinywani mwa mtu anayesikia mtoto akipigwa usiku kucha upande wa pili wa ukuta ni kutojali kulikotimia, kwa hiyo angalia jambo linalokataliwa kabla ya kuhukumu maneno.

“Shauri yako” huwachanganya wageni wa lugha. Kwa mpangilio wa ngeli ungetarajia “shauri lako”, lakini mazoea yameligandisha hivyo, na kulisahihisha ni kuliua. Husikika kama kutupa mkono, lakini mara nyingi ni onyo la mwisho la mtu anayejali: mama anayemwambia mwanawe “haya, nenda na mvua hiyo, shauri yako” atakuwa mlangoni na taulo akirudi. Pwani utasikia pia “hajali wala habali” kwa mtu ambaye hakuna kinachomtikisa kabisa. Weka huo kwa matukio makubwa.

Hatua ya tano: usimsomee mpiga kura moyo kutoka kwenye asilimia

Maandishi ya habari yana jaribu lake. Watu wachache wanapojitokeza kupiga kura, kichwa cha habari husema wananchi hawajali. Takwimu peke yake haiwezi kusema hivyo. Katika uchaguzi mkuu wa Tanzania wa mwaka 2005 waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 72 ya walioandikishwa, na mwaka 2010 wakashuka hadi takriban asilimia 43. Mwandishi mwangalifu ataandika kwamba mwitikio ulikuwa mdogo, kwa sababu mwitikio ndicho kilichohesabiwa. Sababu zake ni kazi ya kwenda kuuliza watu: aliyehama baada ya kujiandikisha, aliyepoteza kadi, aliyeona mshindi anajulikana tayari, na yule ambaye kweli jambo halikumgusa, wote wamo ndani ya namba moja.

Kenya inatoa mfano ulio wazi zaidi. Agosti 2017 takriban asilimia 79 ya wapiga kura walioandikishwa walipiga kura ya urais. Mahakama ya Juu ikabatilisha matokeo hayo tarehe 1 Septemba, mgombea mkuu wa upinzani, Raila Odinga, akajiondoa mwezi Oktoba na kuwataka wafuasi wake wasishiriki, na kwenye uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba waliojitokeza wakawa takriban asilimia 39. Taifa haliwezi kupoteza moyo wa kujali siasa katika muda usiofika miezi 3. Wengi wa ambao hawakwenda walikuwa wamesusia, na kususia ni tendo la mtu anayejali mpaka akakubali kulipa gharama. Anayesusia na asiyejali wanaweza kuonekana wamekaa nyumbani siku moja, lakini kitenzi kimoja hakiwatoshi.

Hatua ya sita: mbele ya mgonjwa, liweke neno pembeni

Hapa nasema kwa msisitizo, kwa sababu madhara yake ni makubwa. Ndugu wanaomuuguza mtu mara nyingi husema kwa uchovu, “Siku hizi hajali chochote. Hajali kuoga, hajali wajukuu.” Lakini kupoteza hamu ni dalili inayojulikana ya magonjwa kadhaa. Mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu, huweza kuacha yale yaliyokuwa yakimfurahisha. Katika ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu kumbukumbu, na ule wa Parkinson, unaotetemesha na kukakamaza mwili, ubongo wenyewe unaweza kupoteza uwezo wa kuanzisha jambo, hata kama mgonjwa hana huzuni yoyote. Anakaa kitini tangu asubuhi, akiulizwa kama anataka kutoka anasema ndiyo, na hainuki. Kumwambia mtu huyo ajitahidi kujali ni sawa na kumwambia mwenye mguu uliovunjika ajitahidi kutembea.

Kwa watoto ni vivyo hivyo. Mtoto mwenye unyafuzi, ile hali ya utapiamlo mkali ambayo daktari Cicely Williams aliieleza kitabibu katika miaka ya 1930 alipokuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, huvimba miguu, hukasirika akiguswa, na asipoguswa hukaa kimya bila kucheza wala kugeuza macho kufuata kinachopita. Mama akimweleza muuguzi kwamba mtoto “hajali”, amemtaja kama mtoto mkaidi. Akisema “amekuwa mnyonge, hachezi, hata nikimpa kijiko hageuki”, ametaja dalili.

Kwa hiyo unapoandika maelezo ya mgonjwa, kwenye daftari la zahanati au kwenye ujumbe kwa daktari, eleza unachokiona na tangu lini. Maneno yaliyo tayari ni haya: amepoteza hamu, amekosa ari, ana unyong’onyevu, ametulia kupita kawaida yake. Hii hapa ni sentensi niliyomsaidia jamaa yangu kuiandika kuhusu baba yake, baada ya kufuta ile ya kwanza iliyosema kwamba mzee hajali tena familia: “Kwa muda wa miezi miwili sasa baba haanzi mazungumzo mwenyewe, hafungui redio aliyoizoea kila alfajiri, akiletewa chakula anakula, asipoletewa haulizi, na wajukuu wakimsalimu anaitikia kwa neno moja bila kuinua uso.” Daktari aliisoma mara mbili, akavuta kiti, akaanza kuuliza kuhusu redio.